Vumbi Jeusi Kwenye Chenso ya Kaka

Yusta, uko peke yako? Usimsomee mtu.

Kaka Melkizedek kaniletea chenso yake asubuhi, ule msumeno wa injini. "Mdogo wangu, wewe umesomea injini. Panua tundu la moshi kwenye silinda, ikate kwa nguvu. Ila isipige kelele."

Isipige kelele! Ukilipanua lile tundu mashine inanguruma zaidi, na yeye anajua.

Nikamuuliza anakata nini. "Mikaratusi ya kanisa, kule Chanzuru."

Nimeifungua. Vumbi lililoganda karibu na mnyororo ni jeusi. Mkaratusi hautoi vumbi jeusi, Yusta. Huo ni mpingo, na ni wa upande wa hifadhi, Mikumi. Akikamatwa nao ni jela.

Nikampigia. "Kaka, hili vumbi la mti gani?"

Akacheka. "Wewe ni fundi au askari wa misitu?"

Nikakata simu, unanijua.

Nimerudi kusugua kwa tupa. Nimelipanua lile tundu kupita kiasi, makusudi. Ikiwashwa tu, pete za pistoni zitanasa humo na kukatika, na mashine itakufa.

Jioni nitamwambia nimekosea. Atasema chuo kilinipotezea muda, atanicheka mbele ya mama.

Acha anicheke. Atakuwa nyumbani.