Penye Shimo Lako, Karte Iko Nyeupe

Maman, wewe unayelala Nyangezi,

Niko na swali.

Unakumbuka asubuhi za soko la Kadutu? Unapanga mabele yako kwenye kitambaa, ule udongo mweupe ambao wanawake wenye mimba wanatamani kuula. Mbele yao unavunja kipande, unatafuna. "Muone, hata mimi niko nakula!" Lakini mimi nikinyoosha mkono, pa! Umenichapa. Mudogo wangu Furaha naye, pa! Zamani nilifikiri ni uchoyo. Sasa sijui, na kutojua kunanikasirisha.

Na lile shimo lako la kuchimba mabele, chini ya mawe ya chokaa, unalifunika majani ya ndizi wenzako wasilione! Mimi peke yangu ulinipeleka, ukaniapisha nisiseme. Ulikuwa unaficha biashara ao kitu kingine?

Maana sasa kazi yangu ni kuchora karte, ramani ya udongo wa kwetu. Tunachimba, tunatia katika mfuko, tunaandika namba, laboratoire inapima kama kuna sumu, arseniki ao madini ya risasi. Penye sumu tunatia alama nyekundu. Alama zilipoanza kusogelea shimo lako, niliogopa. Nikamwambia chef wangu wa kazi pale ni mwamba mtupu, hapachimbiki. Nilidanganya, Maman, na kwenye karte pakabaki peupe.

Juzi nikamkuta Furaha, mimba yake miezi sita, anatafuna mabele uliyoacha kwenye kapu. Nikamwambia aache. Akavuta karte yangu, akaweka kidole palepale.

"Yaya, si unaona? Kwa Maman hakuna rouge. Iko propre!"

Mungu wangu! Hapako safi wala hapako vibaya, hapajapimwa tu, na mwenye kosa ni mimi. Nikamnyang'anya kapu. Akalia sana.

"Maman amekufa, na bado unamusingizia!"

Pengine nakusingizia kweli. Lakini mtu anayeuzia watu chakula na kukataza watoto wake, nimuwazie nini? Ungekuwa hapa ungenitukana, nami ningefurahi kusikia sauti yako.

Kesho asubuhi narudi kule na jembe lako. Nitaondoa majani, nitajaza mfuko, nitaandika namba. Kama nimekuonea, nitakuja kupiga magoti kaburini. Kama ulijua, nitakuja vilevile, ila sijui nitasema nini.

Kiapo chako nimekishika miaka yote, Maman. Mutoto wa Furaha hakuapa kitu.

Ni mimi, mukubwa wa watoto wako, yule uliyemukataza kuonja.