Bendera Niliyoishona Gitega

Gitega, Kigali, 14 Februari 1993

Samaki wetu wa mlimani,

Salam sana. Uko mzima huko melini? Sisi tuko wazima, mama anakohoa kidogo tu. Vita iko kaskazini, watu wanafika mjini na magodoro kichwani. Lakini leo sitaki habari zetu. Nina hasira!

Barua yako nimemsomea Mama Gaudiose, mama yake Bizimana mwenzako wa melini, kule Kimisagara. Nikafika pale chifu wa meli, yule msaidizi wa nahodha, anamvunja mwanawe mkono kwa bomba la chuma, na nahodha anasema, "Huku katikati ya bahari polisi ni mimi." Mama akasimama, akaniuliza: "Bahari haina mwenyewe?"

Nimetafuta. Kwenye karatasi za zamani tunazokatia mifano ya nguo kuna kitabu cha Kifaransa cha sheria, kimechanika jalada. Kinasema mbali na nchi zote, meli inafuata sheria ya bendera yake. Na hata nchi isiyo na bahari inaweza kuwa na meli! Sha, niliruka! Nimewashonea bendera ya Rwanda: nyekundu, njano, kijani, R nyeusi katikati. Dereva Habiyaremye anakuletea Dar es Salaam. Ipandisheni, kisha huyo chifu tumshtaki hapa Kigali. Nitakaa mstari wa mbele!

Mdogo wako,
Swafiya

Dar es Salaam, 3 Machi 1993

Mdogo wangu Swafiya,

Nakusalimu, mpe mama pole ya kikohozi. Mimi mzima wa mwili.

Umenichekesha, mwana. Bendera si kitambaa. Meli inaandikishwa kwenye nchi, ndipo inapata bendera. Yetu imeandikishwa visiwa fulani ambavyo hata nahodha hajawahi kuvikanyaga. Polisi wa hapa nimewauliza habari ya mkono. "Ilifanyika huko nje, chini ya bendera yao. Waandikie wao."

Lakini Bizimana aliiomba ile bendera. Ameikunja, ameutundika mkono shingoni, R imekaa kifuani. Nahodha akaiona. "Kwangu bendera ni moja! Vua!" Bizimana akamjibu, "Hii ni bandeji, mzee. Nipe daktari, nitavua." Mabaharia tukacheka. Basi, tangu juzi wamemfungia stoo ya rangi. Tunaondoka tarehe 14. Usimwambie mama yake.

Kaka yako,
Usumani

Gitega, 8 Machi 1993

Kaka,

Hujambo? Hatujambo. Haraka, Habiyaremye amewasha lori, anapiga honi.

Bizimana amefungiwa wapi? Gatini! Meli imefungwa kamba kwenye ukuta wa Tanzania, mtu anamfungia mtu humo, na wewe bado unaniambia visiwa? Kitabu nimekisoma tena mpaka mwisho. Ndani ya bandari, mwenye nchi ana sauti. Mkono ulivunjwa kule, haya. Lakini mlango umefungwa hapa! Rudi polisi. Usiseme mkono, sema mlango.

Na mama yake nimemwambia. Wewe unaficha, mimi ndiye namtazama usoni! Amesema: "Mwambie Usumani, mwanangu huko iko na mtu mmoja tu."

Mdogo wako, hasira bado,
Swafiya

Dar es Salaam, 16 Machi 1993

Fundi wa bendera,

Salamu nyingi kwenu wote. Niko mzima, niko nchi kavu.

Nilisema mlango. Ofisa akaweka kikombe chini: "Mlango huo uko gati gani?" Tukapanda naye. Bizimana ametoka, macho mekundu kwa harufu ya rangi, bendera yako imejaa madoa ya bluu. Nahodha akapiga kelele juu ya visiwa vyake. Ofisa akamwambia, "Mzee, hizo kelele unazipigia Tanzania." Nahodha wamembakisha hapa kwa kesi ya mlango.

Meli imeondoka na nahodha mwingine. Begi langu walilirusha gatini. Na yule chifu, aliyevunja mkono, alisimama juu akatupungia. Mkono, Swafiya! Alitupungia mkono! Na hakuna mtu hapa wa kumshika.

Leo kuna meli nyingine inatafuta mabaharia. Nimezunguka nyuma yake kutazama. Bendera ile ile. Bizimana anasema mkono ukipona tupande, labda siku moja itafika hivyo visiwa, tukamshtaki. Mimi naogopa kulala tena chini ya kitambaa kile. Wanataka jibu kesho, na barua yako haitawahi, najua. Lakini nauliza tu: wewe ungefanya nini?

Kaka yako,
Usumani