Furaha Hakuniwekea Sumu

Mama yangu,

Jambo kutoka Kampala. Magoti yako iko namna gani na ile baridi ya Bihambwe? Papa anapata usingizi? Mimi niko, lakini niko tu. Naandika juu sauti imeisha kabisa. Ile siku simu ililia, ukasema "allo, allo, njo nani?" halafu ukakata, ilikuwa mimi. Nilifungua kinywa, pumzi ikatokea ku shingo, kwenye kitundu walinitoboa ili nisikose hewa.

Mama, haiko sumu. Munganga wa hapa hospitali aliingiza kamera kadogo mu koo, akanionyesha: kanyama kekundu, laini, kamejaa damu, kameota pale sauti inatokea. Wanakaita angiome. Ni mishipa ya damu imejikusanya vibaya. Haiko kansere, haiambukizi, na hakuna muntu anaweza kukaweka ndani ya mwingine kwa chai ao kwa maziwa. Anasema ni mara chache sana kukaona pale kwa muntu muzima. Kale kanyama njo kalinikausha sauti kule nikichunga ng'ombe, kale njo kalinitapisha damu mbele yenu.

Lakini nyinyi muliona damu, mukasema karuho, ile sumu ya kuua polepole, mukaanza kutafuta ni mukono ya nani. Mukapata ya Furaha, bibi niliyemuoa, juu yeye njo alikuwa ananipikia. Nani mwingine angenipikia, Mama? Yaya Bahati, mukubwa wangu, aliniandikia eti mulimufukuza Furaha na mutoto mugongoni, akapita njia ya Kalembe kwenda kwao Walikale, na masasi ya bunduki iko inalia. Eti sasa munadai ng'ombe ya mahari irudi. Nilisoma ile message nikalia, na mugonjwa wa kitanda ya pembeni hakujua kama nalia.

Kama ile ng'ombe imeshaingia kwetu, ndoa imekufa, unajua vizuri. Kama haijafika, nakupigia magoti, tuma Yaya akaizuie. Akamuambie Furaha mbele ya wazazi wake kwamba mulimusingizia. Mimi ningemutetea, lakini kwa sauti gani?

Juma hii watanipasua. Munganga hakunificha: kale kanyama kakiguswa kanaweza kumwaga damu mpaka muntu anaisha. Niko na woga, Mama, na sina matumaini mengi. Lakini kufa hakunikoseshi usingizi kama hili: nikifia hapa, kule mutasema, munaona, sumu yake imemaliza kazi. Halafu vijana watashuka kwao Furaha na mapanga.

Salimia Papa, Yaya Bahati, na mama mudogo anayeuza maziwa ku barabara. Furaha, sijui nimusalimie kupitia nani.

Barua hii isomwe kanisani, watu wote wasikie, wakati niko muzima bado. Nikifa, museme ni damu yangu mwenyewe iliniua.

Mimi mutoto wako,
Eliya