Kyalo, Leo Wanamdunga Mutheu Sindano ya Bandama

Kyalo, mwana wa mama,

Nakuandikia nikiwa kwa benchi nje ya wodi, nyuma ya karatasi waliyonipa hospitalini ya kueleza utafiti wao wa dawa, maana sina nyingine. Nyuma ya huu mlango wamemlaza Mutheu, binti yangu ambaye hukuwahi kumjua. Wanamdunga sindano kwenye bandama, wavute majimaji kidogo, wayaangalie kwa darubini kama yana wadudu wa ugonjwa. Nesi amenitoa nje. Amesema, "Mama Mutheu, wewe unatetemeka kuliko mgonjwa, utamtia hofu." Ni kweli.

Naogopa, Kyalo. Wacha niseme hilo kwanza, mengine yafuate.

Ana ule ugonjwa wako. Ulianza vilevile: joto la jioni linalokuja na kuondoka, mikono kukonda, tumbo kufura upande wa kushoto mpaka vifungo vya sare vikakataa kufunga. Mimi ndiye fundi wa kushona sare za shule hapa kwetu Tseikuru, basi nikawa naongeza kitambaa ubavuni na kujiambia mtoto ananenepa. Ananenepa, na mikono imekuwa vijiti! Mtu akitaka kujidanganya hakosi uzi.

Unakumbuka yako? Mimi nilikuwa darasa la sita, wewe la tatu. Tukichunga mbuzi za baba nilikuwa nakuita juu ya kichuguu, "Panda hapa, utaziona zote." Ulikuwa unaweka sikio kwenye shimo na kuniambia mchwa wanapika muthokoi, wamekosa chumvi. Nilikuwa nacheka mpaka mbuzi zinaingia shamba la watu. Sasa juzi daktari wa hapa ameniambia kwamba usubi, kale kadudu kadogo kuliko mbu na hakalii, hulala ndani ya nyufa za kichuguu mchana kutwa, na jioni hutoka kuuma watu. Ndiko ugonjwa unatoka. Nilimshukuru vizuri, nikaenda nyuma ya choo nikayarudia maneno yangu: "Panda hapa."

Dispensari walikupa vidonge vya malaria mara tatu. Hawakuwa na kitu kingine cha kukupa, na hakuna aliyejua. Ndipo mwaitu, mama yetu maskini, akamwita yule mwanamke wa wembe akuchanje juu ya uvimbe atoe damu mbaya. Nikaambiwa nishike miguu. Ulisema, "Nzisa, niachilie. Nzisa, wewe ni wangu, niachilie." Sikukuachilia. Mvua za Novemba hazikukukuta, na jina lako halikutajwa tena kwetu, kama vile lilikuwa deni la aibu.

Sasa sikiliza nililofanya, na unichukie ukitaka. Mwezi uliopita mama mkwe alileta mwanamke mwingine na wembe mwingine. Nilijua. Hakuna mtu Tseikuru nzima aliyejua kuliko mimi. Lakini joto lilikuwa limekataa kushuka, mume wangu yuko kazini mji wa Wote, mama mkwe anasema mtoto atafia mikononi mwangu kwa ukaidi, na hofu haina akili, Kyalo. Nikamshika Mutheu miguu. Halafu nikampa maji ya mizizi asubuhi na jioni, chupa nzima.

Hayakusaidia, ndipo nikamleta hapa hospitali ya Mwingi. Walimtoa tone moja la damu kidoleni, wakaliweka kwa kikaratasi, mistari miwili ikatokea, maana yake anao. Hata chai isingepoa kwa muda huo. Wewe uliugua msimu mzima bila jina la ugonjwa.

Daktari wa utafiti ni msichana wa kwetu, anaitwa Mumbua, anaeleza kwa Kikamba na hachoki. Anasema wadudu wa ugonjwa, wale usubi huwaacha mwilini akiuma, wanamezwa na askari wa mwili, wale kazi yao ni kula viini vya magonjwa, lakini badala ya kufa wanaishi humo ndani na kuzaana. Bandama ndiyo kambi ya hao askari, kwa hivyo inafura. Nilimwuliza, "Sasa mwili utamfukuzaje mwizi aliyevaa nguo za polisi?" Akacheka, akasema hilo ndilo wanatafuta. Dawa ya kawaida ipo: sindano mbili kila siku, paja hili na paja lile, zaidi ya wiki mbili, na watoto hulia mpaka kijiji cha pili. Wao wanataka kujua kama vidonge vinaweza kupunguza hizo sindano. Nani apate ipi, kompyuta ndiyo inachagua. Aiya! Mtoto wangu apigiwe kura!

Mama mkwe alisema mjukuu wake si panya wa kujaribiwa dawa. Mume wangu kwa simu akasema, "Wewe ndiye uko hapo. Ukiona ni sawa, ni sawa." Wanaume. Uamuzi ukiwa mzito hawaishi kuheshimu mama.

Mumbua aliniuliza kama Mutheu amepewa dawa yoyote ya kienyeji. Nikasema hapana. Akaonyesha zile alama za wembe tumboni. Nikasema ni za zamani, na bado zilikuwa nyekundu. Siku mbili nilikuwa namkwepa, kwa sababu alikuwa amesema dawa hizi zinapita kwa ini, na ini likiwa limeshachoshwa na kitu kingine, hapo kuna hatari. Niliogopa nikisema ukweli watamkataa. Kisha nikaogopa zaidi kwamba watamkubali.

Nikamfuata Mumbua kwa ofisi nikamwaga yote. Mizizi, wembe, miguu. Hakunigombeza. Aliuliza kama kuna mwingine kwa familia aliyewahi kuugua, nikasema yupo ndugu yangu. Akauliza jina. Nikalitaja, akaniomba nirudie, nikalitaja tena akaandika.

Walimweka siku kadhaa bila kumpa kitu cha utafiti, wakipima ini, wakipima kama damu inaganda vizuri. Leo asubuhi wamesema inaganda. Wameniambia pia kwamba sindano ya bandama mara chache sana huvujisha damu ndani, na kwamba kujua hivyo ni haki yangu. Haki nyingine ni heri mtu asipewe. Nimetia sahihi.

Ni kimya huko ndani. Nimesikia kiti kikisukumwa, basi. Mchungaji akisikia naongea na wafu atanitoa kwa kwaya, na atakuwa na haki. Lakini sina mwingine wa kumwomba hili.

Kyalo, wewe ni mtoto bado. Uko peke yako huko miaka hii yote, na Mutheu ni rika lako sasa, ana mdomo, ana vituko, mngepatana siku ya kwanza. Hilo ndilo linanitisha kuliko sindano. Tafadhali usimwite. Akija mwenyewe, usimkaribishe, hata akikuchekesha. Mwambie mama yake yuko hapa nje, kwa benchi, na hajamaliza naye.

Ni mimi dada yako,
Nzisa