Nilinusa Chupa Runingani, Akaumia Mtoto wa Kaka

Mshauri mpendwa,

Nisamehe mwandiko, naandika kwa penseli ya nyusi kwa sababu ndiyo niliyoikuta mkononi, nimejifungia kwenye chumba cha kuvalia hapa kazini na gauni la enzi za mabibi limenibana kiuno hata kuinama siwezi, huku mwongozaji anagonga mlango akidhani bado najipodoa, kumbe nalia na poda yote imeshateremka, na nisipokuandikia leo sijui nitamweleza nani, maana watu wote ninaowapenda ndio hao hao ninaowaonea aibu.

Mimi ni mwigizaji. Huenda unaitazama tamthilia yetu, ile ya msichana wa zamani, enzi ambazo mwanamke aliingia maabara kupiga deki na kuosha chupa tu, yeye akang'ang'ania mpaka akawa mtaalamu wa kemia, wanaume wakamcheka, chuo kikamfungia mlango, mchumba akamkimbia, na hakurudi nyuma. Huyo msichana ndiye mimi. Tangu ianze kuonyeshwa sina jina tena, njiani naitwa Daktari, muuza nyanya ananiuliza apake nini gotini, na juzi juzi mlinzi wa benki alinifunulia kidonda chake nikiwa kwenye foleni, na mimi, badala ya kusema samahani baba, mimi naigiza tu, nilikitazama kile kidonda nikatikisa kichwa kama mtu anayejua, nikamwambia akisafishe kwa maji ya chumvi. Watu kwenye foleni wakaitikia. Kilemba cha ukoka kilinikaa kichwani vizuri sana, Mshauri, sikutaka kukivua.

Sasa kuna kitendo kimoja ninachokifanya humo ambacho kila mtu anakijua. Yule msichana akitaka kutambua dawa ya maabara iliyomo kwenye chupa, anaiinua mpaka puani, anafumba macho, anavuta pumzi mpaka mabega yanapanda, halafu anafumbua macho taratibu na kusema, "Ndiyo yenyewe." Watoto mitaani wanaigiza kwa chupa za soda. Wala usidhani nilikuwa sijui. Nilisoma kemia sekondari, na mwalimu wetu alitufundisha mapema kabisa kwamba chupa ya dawa haipelekwi puani, unaishika mbali na uso na kupunga kiganja juu ya mdomo wake, harufu kidogo tu ikufuate. Tuliporekodi mara ya kwanza nilifanya hivyo hivyo, lakini nilipojitazama kwenye kamera nikaona mkono umenifunika nusu ya uso, nimekuwa kama mtu anayefukuza nzi, nikaomba turudie, ndipo nikanusa kwa mbwembwe. Mwongozaji akaniuliza, "Lakini wewe si ulisoma haya mambo? Ndivyo wanavyofanya kweli?" Nikamjibu kwa macho makavu, "Kila mtaalamu na mtindo wake." Ndani ya ile chupa mlikuwa na maji na rangi ya keki.

Kaka yangu ana binti yuko sekondari. Tunamwita Maswali, maana hata chai haiwezi kumpita bila kuuliza kwa nini kijiko kinapata joto mpaka juu. Tangu tamthilia ianze ameishika sayansi kama roho yake. Jioni moja nilikuwa kwao, sebule imejaa majirani waliokuja kunitazama, akaniuliza, "Shangazi, hivi kweli wanasayansi wananusa vile? Haiumizi?" Aliuliza kwa dhati, yule mtoto haulizi kwa kujionyesha, na hapo ndipo ningesema ukweli na yote yakaishia pale, lakini majirani walishanigeukia wote wakisubiri Daktari aseme neno. Nikacheka. Nikamwambia, "Sasa mwanangu, mtu mzima mimi nitaigizaje uongo? Ndivyo wanavyofanya."

Haukupita muda mrefu darasani kwao kukawa na zoezi la kutambua dawa. Mwalimu wao alikuwa bado anagawa chupa, hajaeleza lolote, na mtoto akaona aanze yeye. Akaipeleka chupa puani, akavuta pumzi yote kama alivyohakikishiwa na shangazi yake. Ilikuwa amonia kali. Alianguka pale pale, hapumui vizuri, macho hayafunguki, wakambeba hospitali na akalazwa na mpira wa hewa puani. Madaktari wanasema atapona kabisa, tunamshukuru Mungu, na ameshatoka hospitali, lakini mpaka leo anaongea kwa kukwaruza.

Alipoulizwa imekuwaje, alisema, "Nilikuwa nachezea." Basi. Hakusema zaidi. Shule ikachukia, wakampiga marufuku maabara, na Ijumaa walimu wanakaa kumwondoa kwenye mchepuo wa sayansi, kwa sababu wanasema mtoto anayefanyia dawa mchezo hawezi kuaminiwa nazo tena. Angesema aliamini ndivyo inavyofanywa, wangemfundisha tu na kumrudisha darasani. Mimi ndiye peke yangu ninayeweza kusema hivyo wakaamini.

Siku niliyofika wodini kaka alikuwa amesimama miguuni pa kitanda anafoka. "Mwangalie shangazi yako! Unadhani alifika alipofika kwa kuchezea dawa?" Kaka yangu ni fundi wa majokofu, mtu mwenye akili zake timamu, aliniona nikiigiza tangu nina magoti yenye vumbi, lakini hata yeye ameshasahau. Kisha akanigeukia. "Mseme wewe, dada. Wewe anakusikia."

Na mimi nikamsema. Nilivuta kiti, nikasema maabara si uwanja wa mpira, nikasema umetuvunjia heshima, nikayasema yote hayo kwa sauti ile ile ninayotumia kwenye tamthilia, na wifi yangu akawa anaitikia huku anajifuta machozi. Mtoto alinitazama tu. Akasema, "Nimekosa, shangazi." Wazazi wake walipotoka kwenda kumsikiliza daktari, daktari wa kweli, alinivuta mkono akaninong'oneza, "Usiogope. Sijawaambia kwamba ulisema ndivyo. Wasije wakakuondoa kwenye tamthilia." Nikambusu kwenye paji la uso, nikamwambia asante. Mshauri, nilimwambia asante! Natamani ardhi ipasuke kila nikikumbuka hilo neno.

Na kama hayo hayatoshi, mkuu wa shule amenipigia simu. Ananiomba Ijumaa asubuhi, kabla ya kikao chao, nikazungumze na wasichana wote kuhusu nidhamu ya maabara, kwa kuwa mimi ni mfano wao. Nimekubali, sijui hata nimekubalije. Sasa nimefikiria kusema nimepata safari. Nimefikiria kumtafutia mtoto shule nyingine ya mbali niseme ni zawadi. Nimefikiria hata kupiga magoti pale jukwaani nikiri yote mbele ya wasichana, tulie wote, yaishe. Mkataba wa msimu wa pili uko mezani, sijausaini. Mwongozaji anasema watu wananipenda kwa sababu naonekana mkweli. Naomba unielekeze, nifanyeje ili mtoto arudishwe na mimi nisiharibikiwe? Ukichapa, tafadhali jina langu usiliweke.

Ni mimi,
Mtu Mzima Hovyo

*

Bibie Mtu Mzima Hovyo,

Jina umejipa mwenyewe, mimi sibishi.

Pole, na ninaitoa kwa moyo, maana mtu asiye na haya asingelia mpaka poda ikateremka. Ila pole imeishia hapo, sasa tuongee.

Kunusa chupa ili uso uonekane ni ujinga wa kazi, na kila kazi ina wake. Kumdanganya mwongozaji ni uvivu. Kumdanganya mtoto mbele ya majirani ni sifa zimekulevya, na hilo ni baya, lakini nakuelewa, ulizungukwa, watu wanakutolea macho. Ila pale wodini, bibie, hapakuwa na kamera. Hapakuwa na jirani wa kumfurahisha. Palikuwa na mtoto ana mpira puani, na wewe ukavuta kiti ukamkaripia kwa kosa lako. Nimeisoma sehemu hiyo nikaiweka barua chini nikaenda kunywa maji. Mtoto amelazwa, kifua kinawaka moto, na anahangaikia kibarua chako! Unaliona hilo lakini?

Unaniuliza mtoto arudishwe vipi bila wewe kuharibikiwa. Haiwezekani. Utaharibikiwa kidogo. Majirani watasema, magazeti mengine yatasema vibaya kuliko mimi, na muuza nyanya atakutafutia jina jipya. Utaishi. Wewe una kazi mkononi na umri umeshakukomaza. Yeye ana kitu kimoja tu anachokipenda duniani na Ijumaa wanakwenda kumnyang'anya.

Basi fanya hivi. Leo hii ukivua hilo gauni, nawa uso, usijipodoe, nenda kwa kaka yako. Usipige simu kwanza, maana ukipiga utapata kisingizio. Mwite kaka, mwite wifi, na mtoto awepo. Sema: aliniuliza, nikamwambia ndivyo, nilijua si kweli. Maneno yasizidi hayo. Usianze habari za mwongozaji wala kamera wala ulivyochoka. Na usilie. Kulia ni kazi yako, unakujua mno, na ukianza tu wifi yako ataacha kumshika mwanawe aje akushike wewe. Kaka atafoka. Mwache afoke, alimfokea asiyestahili na anahitaji pa kuzirudishia zile kelele.

Asubuhi yake mfuate mkuu wa shule ofisini, kabla ya kikao, na uombe mwalimu wa kemia aitwe. Huyo mwalimu hukumtaja kwa lolote zaidi ya kugawa chupa, lakini nakuhakikishia tangu siku ile hali wala halali, anajiuliza angefanya nini. Mwambie na yeye. Kisha uombe mwaliko wa Ijumaa ufutwe. Hilo jukwaa usilikanyage! Nakujua kupitia barua yako tu lakini nimeshakujua: ukipiga magoti mbele ya wasichana mia tatu wanaokupenda watakupigia makofi, utatoka pale shujaa, na mtoto wa kaka yako atabaki amekaa mstari wa nyuma akiwa ndiye msichana aliyeanguka. Siku nyingine, mwalimu akitaka, aje afundishe namna ya kunusa dawa na wewe umshikie chupa, kimya.

Shule ya mbali uisahau. Huko ni kumfukuza kwa vizuri.

Mwongozaji mwambie ulimdanganya. Mwambie hutausaini ule mkataba mpaka kile kitendo kirekebishwe na watazamaji waambiwe waziwazi kwamba kilikuwa kosa, kwa sababu watoto wa watu wanacheza na chupa za soda leo, kesho hujui watashika chupa gani. Akikataa, una kazi ya kuigiza, utapata tamthilia nyingine. Na ukipita benki, mwambie yule baba mlinzi aende hospitali na hicho kidonda. Maji ya chumvi, bibie!

Limebaki la mtoto mwenyewe, na hili ndilo gumu. Ukimaliza na wazazi, kaa naye peke yenu. Ile asante uliyompa ichukue, mwambie ulikosea kuipokea siri yake. Mwambie watoto hawawekwi kulinda vibarua vya watu wazima. Atataka kujua kwa nini ulimsema pale kitandani. Usimtafutie sababu nzuri, mwambie uliogopa, na jina lako ulilipenda kuliko yeye siku ile. Huenda akakasirika, huenda asiongee nawe kwa muda, huenda akakuuliza maswali mpaka ukachoka. Umjibu yote, na usilolijua useme hujui.

Jina lako sijaliweka. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba nchi nzima itakutambua kabla haijafika katikati ya barua, na nashuku uliandikia gazeti ili gazeti likusemee. Halitakusemea. Nimemtuma tarishi akuletee jibu hili mkononi, na barua yako nimeifungia kwenye droo yangu. Mhariri ameshaniuliza kuhusu safu ya wiki hii, nimemwambia asubiri, hata ikichukua mwaka. Namba ya ofisi yangu iko chini hapa. Hayatachapwa haya, lako wala langu, mpaka Maswali mwenyewe anipigie aniambie shangazi yake amesema.