Mke Wangu Anataka Nimpeleke Mwanza

Lushoto, Juni 1953

Bi Hamida mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia mtu kwa miaka kumi na tisa, na barua hii naiandikia hapa sokoni, nimekaa juu ya gunia la viazi, maana nyumbani siwezi.

Mimi ni mkulima wa kabichi na njegere, nina mke mmoja, Mwanamisi, na watoto watano, na mwaka huu mvua zimekuja vizuri, basi jioni moja mke wangu akaniambia, "Baba Amina, nimezaa, nimelea, nimelima, na ng'ambo ya Mombo sijaiona. Njegere zikishavunwa tupumzike mwezi mmoja, tutembee, tuione nchi." Mimi nikacheka, nikakubali, nikidhani ni maneno ya jioni yatapita, kumbe mwenzangu ameshika. Amina, binti yetu anayesoma, akamchorea mama yake ramani ya Tanganyika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, na mama yake hajui kusoma lakini kila mji anaujua kwa kidole: tutapanda gari la moshi Mombo hadi Moshi tuone theluji ya mlima, tushike basi kupita Arusha na Kondoa hadi Dodoma, tupande tena treni kwenda Tabora, na mwisho Mwanza, tupande meli tuvuke ziwa mpaka Bukoba. Amekwenda mwenyewe Mombo kumuuliza karani wa stesheni siku za treni. Ameshona mfuko wa nguo. Na Mwanza ndiyo anayoitaka kuliko yote, kwa sababu mimi niliishi huko miaka miwili kabla ya kumwoa, nilikuwa karani bandarini, jioni nikikaa juu ya majabali nikitazama meli.

Bi Hamida, sijawahi kufika Mwanza.

Nilipokuwa kijana niligombana na marehemu baba yangu, nikaapa nitakwenda mbali na nitarudi nimevaa viatu, nikashuka mlima kwa miguu na pesa yangu ikaishia hapo hapo chini, upande wa Mazinde, nikachukua kipande, ile kadi ya kazi, kwenye shamba moja la mkonge nikawa manamba, kibarua wa mkataba, mimi Mshambaa mwenye shamba la baba yangu juu, nikakata majani na kufunga matita kwa miaka miwili, na kila asubuhi nikiinua kichwa nauona mlima wa kwetu, naona hata moshi wa watu wanaochoma mabua, na sikupanda, kwa haya. Kambini nililala chumba kimoja na Msukuma mmoja jina lake Danieli, mtu mwema sana, naye kila siku alinisimulia kwao, ziwa, majabali, meli, samaki. Niliporudi nyumbani watu wakaniuliza ulikuwa wapi, mdomo ukasema Mwanza. Mzee Mussa, baba yake Mwanamisi, alinipa binti yake kwa kuwa mimi ni mtu aliyetembea, alisema hivyo mbele ya watu.

Sasa juzi nilimwambia mke wangu afadhali twende Tanga tukaone bahari, akanijibu, "Tanga kila mtu amefika. Mimi nataka kupita ulikopita wewe." Na baba mkwe ametuombea dua akasema hana wasiwasi, mkwe wake anaijua njia. Zimebaki wiki chache. Nimewaza nijitie ugonjwa, au niseme treni imejaa, au nimpeleke tu na tukifika niseme mji umebadilika sana. Mwenzangu ananiamini, na kila anapokunjua ile ramani natoka nje. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mwenye haya, Lushoto


JIBU

Ndugu yangu wa Lushoto, mji umebadilika? Na ziwa nalo litakuwa limehama? Utashuka stesheni ya Mwanza, utamwuliza mpita njia wapi ilipo bandari, na mkeo atakuwa amesimama nyuma yako na mfuko alioushona kwa safari hii, anasikia. Hapo ndipo utakapomdhalilisha, mbele ya wageni, siku tatu mbali na mama yake. Acha mawazo hayo leo.

Nimekuonea huruma, sitaficha. Kijana kuuona moshi wa kwao kila asubuhi asiweze kupanda, hiyo ni adhabu tosha. Lakini umechanganya haya mbili, nami nitazitenganisha. Kukata mkonge si aibu. Ulikula jasho lako, hukumwibia mtu. Aibu ni kumwacha mwanamke apange mwezi mzima wa mapumziko yake, mapumziko ya kwanza tangu umwoe, juu ya maneno ya Danieli.

Wala usijidanganye kwamba mkeo anataka majabali. Amekwambia waziwazi: anataka kupita ulikopita wewe. Njia hiyo unayo, tena ni fupi.

Basi fanya hivi. Kabla ya Ijumaa hii mwambie mwenyewe, nyumbani, mchana, watoto wakiwa shambani. Sema kwa Kishambaa, lugha uliyomposea. Usianze na ugomvi wa baba yako, usianze na haya zako. Anza na neno "nilikudanganya," mengine yafuate. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Usimdai msamaha siku hiyo hiyo kama mtu anayedai chenji. Yeye akishajua, nenda kwa Mzee Mussa, piga shikamoo, mwambie naye. Mtangulie mkeo, asije akabeba siri yako kwa baba yake. Na safari usiivunje wewe. Umekwisha amua peke yako mambo mengi mno. Mkabidhi ramani, yeye ndiye aseme kama mtakwenda, na wapi.

Bi Hamida


Barua hiyo ilikuwa bado haijachapwa nilipompelekea mwandishi jibu langu kwa posta, kwa kuwa siku zake zilikuwa zinakimbia. Mwezi wa Septemba amenijibu, na ameniruhusu kuwapa wasomaji maneno yake:

"Bi Hamida, nilimwambia siku ya Alhamisi, akichambua maharage. Alimaliza ungo wote, akafunga kanga, akaenda kwa mama yake, akakaa siku sita. Nikaenda kwa Mzee Mussa siku ya pili, akasema, 'Kumbe ulikuwa karibu hivyo, na mama yako akilia kila siku.' Hilo limeniuma kuliko kofi.

"Siku ya saba mke wangu alirudi, akasema nimpeleke Mazinde. Tukashuka. Nilimwonyesha mistari ya mkonge na mahali kambi ilipokuwa, akashika jani akajichoma kidole, akaniuliza nilikuwa nakula nini, nani alikuwa akinipikia nikiugua homa. Nikamjibu yote. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali, yeye analia kidogo, mimi vilevile.

"Kisha akakunjua ramani chini, akasema, 'Basi Mwanza hatuijui wote wawili?' Nikasema, 'Hatuijui, Mama Amina.' Akasema, 'Vizuri. Nilikuwa naogopa utatembea mbele yangu mwezi mzima ukinieleza.'

"Barua hii tunaiandikia Tabora, treni imesimama. Mimi nimepotea mara mbili tangu Moshi. Yeye ndiye anayeuliza njia."