Ushahidi wa Meko ya Baba

Altkirchau, Bavaria
Jumamosi, mkesha wa Majilio, 2024

Dada yangu mpendwa Walburga,

Amani ya Bwana iwe nawe na masista wenzako huko Brazili. Goti lako limepata nafuu? Sisi tu wazima. Kifua cha mke wangu Zenzi humsumbua kila theluji inapokaribia, lakini anamshukuru Mungu na kuendelea kukanda unga.

Nilikuandikia kwamba sheria ya moshi imebadilika: meko mengi ya zamani yasiyofikia kipimo kipya yazimwe kabla ya mwaka kwisha, ila yaliyojengwa kabla ya 1950 yaachwe. Ndipo uliponiletea ushahidi wa maandishi, kwamba ulimwona baba akiyajenga meko yetu majira ya baridi ya 1948, nawe ukimpokeza matofali. Nilipousoma nilisikia tena harufu ya matufaha yakiokwa, na sauti ya mama akiongoza rozari huku soksi zetu zikifuka mvuke kwenye kamba.

Mwezi Septemba alikuja Hirlinger, fundi wa dohani anayekagua na kuorodhesha meko ya kijiji, mweusi wa masizi hadi kwenye nyusi. Alimulika ndani kwa tochi, akaniuliza mwaka yalipojengwa. Nikajishughulisha kupanga kuni. Akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe ukitamka 1948, mimi naandika 1948. Nani atambishia mpiga kengele wa kanisa?" Zenzi akadakia kutoka jikoni kwamba mpiga kengele mwenyewe anatokwa jasho na moto haujawashwa.

Ushahidi wako ulikuwa mfukoni mwangu. Sikuutoa. Nilimwambia aandike 1996.

Basi tukanunua jiko jipya la chuma, la kupachikwa ndani ya ukuta, lenye mlango wa kioo na cheti cha moshi mchache. Jana Hirlinger alilikagua, akaturuhusu kuwasha. Zenzi anasema sasa tutakaa kuutazama moto kama televisheni. Rozari tuliisali mbele yake vilevile.

Dada, niliwafundisha watoto wa kijiji hiki amri za Mungu miaka thelathini na minne, nami nimekuficha jambo miaka ishirini na minane. Meko ya baba hayapo. Ukuta ulipasuka miaka miwili baada ya mazishi yake. Nikayabomoa, nikajenga mengine ya kufanana nayo, yenye chuma cha kiwandani ndani. Nilikuwa nimeketi kukueleza ilipofika barua yako, ukisema kwamba ugenini hulala ukiyafikiria matofali yale. Nikakosa ujasiri, na kila Noeli nikakujibu kwamba yanawaka vizuri.

Ushahidi wako naurudisha humu. Sikuuchoma, kwa kuwa kila neno lake ni kweli.

Zenzi anakusalimu sana. Uniombee, na ukiweza, unisamehe. Kwa posta nimekutumia tofali moja nililolinusuru siku ile. Litazame pembeni, kwenye chokaa iliyogandia: pana alama ya kidole, nacho ni kidogo mno kuwa cha baba.

Ndimi mdogo wako katika Kristo,
Korbinian